Mtoto akililia kioo: namna ya kujifunza ufundi wa kioo bila kuumia

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake inajulikana: asiyesikia la mkuu ataonywa na damu yake mwenyewe. Lakini mtoto wa Kigali anayerudi nyumbani na vipande vya chupa ya kijani mfukoni, akasema anataka kuvifanya pambo, humweka mzazi katika njia panda ambayo methali hiyo haikuifikiria. Kumnyang'anya ni kuuzima udadisi wake. Kumwachia tu ni kumpa wembe.

Ipo njia ya tatu. Ufundi wa kioo una ngazi zake, na kila ngazi ina vifaa vyake, faida zake na hatari zake. Mtoto anayepandishwa ngazi moja baada ya nyingine hujifunza kwa usalama, na mara nyingi hujifunza pia sayansi na subira. Anayerushwa ngazi, kwa haraka yake au ya mkubwa anayemsimamia, ndiye anayeumia.

Makala haya yanaeleza kioo ni kitu gani, mtoto aanzie wapi, lini aruhusiwe kukata na lini kuukaribia moto, na mpaka uliopo kati ya burudani ya mtoto na kazi ya mtu mzima.

Mchanga, magadi na chokaa

Kioo cha kawaida, kile cha dirishani na cha chupa, hutengenezwa hasa kwa vitu vitatu ambavyo majina yake si mageni kwa msemaji wa Kiswahili: mchanga, magadi na chokaa. Mchanga unaofaa ni ule wenye silika nyingi, na ndio unaochukua sehemu kubwa zaidi, karibu asilimia 70 ya kioo chote.

Silika ikiwa peke yake huyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 1,700 za Selsiasi, kiwango ambacho ni kigumu na ghali kukifikia. Magadi huipunguza nguvu hiyo, hata tanuri za viwandani zikaweza kufanya kazi katika nyuzi zipatazo 1,500. Hata hivyo, kioo cha mchanga na magadi pekee huharibiwa na maji. Hapo ndipo chokaa inapohitajika: hukiimarisha kioo ili kiweze kubeba maji, soda au asali kwa miaka mingi bila kuyeyuka.

Malighafi hizi hazitoki mbali. Ziwa Magadi, lililo kusini mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, limechimbwa magadi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wake. Jijini Dar es Salaam kipo kiwanda cha chupa ambacho jina lake halina fumbo: Kioo Limited. Mtoto akielezwa kwamba chupa iliyo mkononi mwake ilikuwa mchanga na magadi, somo la kemia huwa limeshaanza kabla hajafika sekondari.

Jambo la pili analopaswa kulifahamu ni sababu ya kioo kupasuka. Kikiwa cha moto, kioo huwa laini kama asali nzito na hukunjika kwa namna yoyote. Kinapopoa, ngozi ya nje hupoa na kuganda kabla ya sehemu ya ndani. Ndani inapofuata na kusinyaa, huivuta ile ngozi iliyokwisha kuganda. Mvutano huo hubaki umefichwa humo, na siku moja chombo hupasuka chenyewe juu ya meza bila kuguswa na mtu.

Kwa sababu hiyo, fundi haachi kazi yake ipoe hewani. Huirudisha katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 500 hivi, kisha hulipunguza kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kazi nyembamba kama ushanga huhitaji muda mfupi. Pande nene la kioo laweza kuhitaji siku nzima au zaidi. Kupoza taratibu ni nusu ya ufundi wenyewe, na mtoto asiye na subira hugundua mapema kwamba kioo hakina haraka.

Ushanga ndio mlango

Ngazi ya kwanza haihitaji moto wala makali. Ni ushanga, na katika Afrika Mashariki mlango huu una umri mkubwa. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja vipande vya kioo vya aina mbalimbali miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa pwani ya Afrika Mashariki na kuuzwa pamoja na mikuki na mashoka. Karne nyingi baadaye, miji ya Waswahili kama Kilwa ilipokea shanga ndogo za kioo kutoka India, na nyingine zilisafirishwa hadi mbali barani.

Biashara hiyo haikukoma. Sehemu kubwa ya shanga ambazo wanawake wa Kimaasai huzipanga kwa ustadi imetoka, kwa zaidi ya karne moja, katika eneo la Bohemia, ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech, hasa katika mji wa Jablonec. Nchini Rwanda nako shanga, amasaro kwa Kinyarwanda, zina nafasi yake katika mapambo ya shingoni na kichwani. Kwa hiyo mtoto wa Nyamirambo anayetunga ushanga kwenye uzi hafanyi jambo la kigeni. Anaingia katika ufundi ambao mikono ya ukanda huu imeuzoea kwa muda mrefu.

Kazi ya ushanga humfunza mtoto mambo matatu kwa pamoja. Humfunza vidole kutii jicho. Humfunza hesabu, kwa maana pambo linalorudiwa, nyekundu mbili, nyeupe moja, samawati tatu, haliwezi kukamilika bila kuhesabu. Na humfunza kufumua: akikosea katika safu ya tatu na kugundua katika safu ya kumi, hana budi kurudi nyuma. Anayeweza kufumua kazi yake bila kulia yuko tayari kwa ngazi inayofuata.

Tahadhari hapa ni moja, nayo ni kubwa. Shanga hazifai kuwa karibu na watoto walio chini ya miaka mitatu, ambao huweka kila kitu mdomoni na wanaweza kukabwa. Kaka au dada mkubwa anapotunga, mdogo wake awe mbali, na chombo cha shanga kiwe na kifuniko.

Rangi, mwanga na vipande visivyokata

Ngazi ya pili ni kufanya kazi na kioo ambacho tayari kiko salama mkononi. Mtungi mtupu wa asali au wa jemu huoshwa, hukaushwa na kupakwa rangi maalumu za kioo, kisha hutumika kuweka kalamu au maua. Mtoto hugundua jambo ambalo karatasi haimwonyeshi: rangi iliyo juu ya karatasi huonekana kwa mwanga unaoigonga, ilhali rangi iliyo juu ya kioo huonekana kwa mwanga unaoipenya. Rangi ileile hung'aa asubuhi ikielekezwa dirishani na kufifia jioni.

Kigali ina mahali ambapo nguvu ya mwanga huo inaonekana kwa uzito wake wote. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali iliyoko Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, yapo madirisha ya kioo cha rangi yaliyobuniwa na msanii Ardyn Halter. Baba yake, Roman Halter, alinusurika mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, na yeye pia alikuja kuwa msanii wa madirisha ya kioo. Ufundi ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na kazi ya mwana ikaja kusimama mahali panapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kioo, basi, si pambo la mezani tu. Kinaweza kubeba kumbukumbu ya taifa.

Baada ya kupaka rangi, mtoto anaweza kujaribu mozaiki, yaani kupanga vipande vidogo vya kioo au vigae juu ya ubao, kuvibandika kwa gundi na kujaza nafasi zilizo katikati kwa saruji nyeupe. Sharti ni kwamba vipande vyote viwe vimeondolewa makali na mtu mzima kabla ya kumfikia. Makali husuguliwa kwa jiwe la kunolea au kwa msasa wa maji, kioo kikiwa kimelowa, hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Saruji nayo huunguza ngozi ikikaa juu yake, hivyo glovu ni lazima na mchanganyiko ukorogwe na mkubwa.

Hapa ndipo swali la mahali pa kupata kioo linapojitokeza. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza marufuku kwa bidhaa za plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa. Chupa na mitungi ya kioo imebaki kuwa vyombo vya kawaida majumbani na mikahawani. Chupa za bia na soda zinazorudishwa dukani zisiguswe, kwa kuwa huoshwa na kujazwa tena mara nyingi, na huko ndiko kuzitumia vizuri zaidi. Zinazofaa ni zile zisizorudishwa: za mvinyo, za mchuzi, mitungi ya asali.

Vipo vioo ambavyo havifai hata kidogo. Mirija ya taa za umeme ina zebaki, ambayo ni sumu. Vioo vya televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu, vina risasi ndani yake. Chupa za dawa na za maabara zinaweza kuwa na mabaki yasiyoonekana. Na kioo kilichookotwa barabarani au jalalani, hata kikivutia, kimebeba uchafu ambao mkato mdogo tu unatosha kuuingiza mwilini.

Kukata: mstari mmoja, si viwili

Ngazi ya tatu ndiyo inayowatia wazazi hofu zaidi, na kwa haki. Lakini wengi hawajui kwamba kioo hakikatwi kama ubao au mkate. Kigurudumu kidogo cha chuma kigumu, kilichofungwa kwenye mpini, hupitishwa juu ya kioo mara moja na kuacha mchirizo mwembamba. Mchirizo huo hudhoofisha kioo mahali palepale. Kisha fundi hushika pande zote mbili na kuzikunja kidogo, na kioo huachana kufuata mstari.

Yeyote aliyemtazama fundi wa madirisha akifanya kazi ameiona hatua hii, ingawa huenda haraka yake ilimficha undani wake. Fundi huchovya kigurudumu katika mafuta kidogo. Husikiliza: mchirizo mzuri hutoa sauti nyororo isiyokatika, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Na harudii mstari uleule mara ya pili, kwa sababu kurudia huharibu kigurudumu na kuupotosha ufa. Kosa la anayeanza ni kukandamiza kwa nguvu akidhani nguvu ndiyo inayokata. Nguvu huvunja. Kinachokata ni mkono mwepesi na ulionyooka.

Si kila kioo hukatika. Kioo cha dirisha la pembeni la gari kimepashwa moto na kupozwa ghafla makusudi, hivyo ngozi yake ya nje imebanwa na ndani yake mna mvutano mkali. Ukikichora popote, chote husambaratika kuwa chembe ndogo kama chumvi ya mawe. Kioo cha mbele cha gari nacho ni tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa plastiki katikati. Mtoto anayejifunza apewe kioo cha kawaida cha dirisha, chembamba, kilicho safi, na aanze na mistari iliyonyooka kabla ya kugusa duara.

Hakuna umri mmoja unaofaa kila mtoto. Kipimo bora ni tabia: je, huvaa miwani ya kinga bila kukumbushwa? Je, husimama akiambiwa simama? Je, huweza kukaa na kazi moja bila kuondoka katikati na kuacha vipande mezani? Mtoto ambaye majibu yake bado ni hapana hajafeli. Amebaki tu katika ngazi ya pili, nayo ina mengi ya kumpa.

Moto si wa jiko la nyumbani

Kila mtoto aliyewahi kuona video ya mtu akipuliza kioo hutamani kufika hapo kwanza. Huko ndiko kunakohitaji kuchelewa zaidi.

Njia za moto ni tatu. Ya kwanza ni kuyeyusha vipande pamoja ndani ya tanuri dogo la umeme, katika joto la nyuzi 750 hadi 800 hivi. Mtoto hupanga vipande vikiwa baridi, mkubwa hufunga tanuri, na mlango haufunguliwi hadi siku ya pili. Katika njia za moto hii ndiyo iliyo salama zaidi kwake, kwa sababu haukaribii moto wenyewe. Ya pili ni kuyeyusha kijiti cha kioo kwa mwali wa gesi na kukizungusha kwenye waya ili kutengeneza ushanga. Ya tatu ni kupuliza, ambapo kioo kinachotiririka huchotwa tanurini kwa bomba refu la chuma, kikiwa na joto linalozidi nyuzi 1,000.

Jiko la makaa la nyumbani halifai kwa lolote kati ya hayo. Tatizo lake si udogo wa joto pekee. Halidhibitiki, na halina namna ya kupoza kioo taratibu. Kipande kinachotolewa humo kinaweza kupasuka na kurusha vigae vya moto usoni. Hata katika tanuri zuri, vipande vya chupa mbili tofauti visichanganywe: kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiwango chake, na viwili visivyolingana hupasukana vinapopoa, hata kama vilionekana vimeungana vizuri.

Afrika ina mifano ya watu walioutawala moto huo kwa akili badala ya mitambo ghali. Wakrobo wa Ghana husaga chupa kuukuu hadi ziwe unga, humimina unga huo katika vibia vya udongo vyenye vishimo, na katikati ya kila kishimo husimamisha kijiti cha jani la muhogo. Tanurini unga huungana kuwa ushanga, kijiti huungua, na tundu la kupitishia uzi hubaki.

Karibu zaidi, nje ya jiji la Nairobi, msanii mzaliwa wa Ujerumani Nani Croze alianzisha karakana ya Kitengela, inayojulikana kwa madirisha ya rangi, mozaiki na vyombo vilivyotengenezwa kwa kioo kilichotumika. Mwanawe, Anselm Croze, aliingia katika ufundi huohuo na kuendeleza upulizaji wa kioo cha moto. Jijini Arusha, karakana ya Shanga imewaajiri watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, ambao hugeuza chupa zilizotupwa kuwa shanga na bilauri. Familia ya Kigali inayosafiri kwenda nchi hizo jirani inaweza kumpeleka mtoto akatazame. Kutazama nako ni kujifunza.

Hatari zisizoonekana

Mkato wa kidole huonekana na kila mtu, na huogopwa na kila mtu. Hatari kubwa zaidi ni zile zisizotoa damu.

Ya kwanza ni ya macho. Chembe inayoruka kioo kinapovunjwa ni ndogo kuliko punje ya mtama, na jicho halina nafasi ya pili. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye mezani, pamoja na anayetazama tu.

Ya pili ni ya vumbi. Vumbi la kioo huwasha macho, koo na mapafu. Saruji na mchanga mkavu vina silika ya aina nyingine, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi husababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Kwa hiyo kioo kisuguliwe kikiwa kimelowa, meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi, na ufagio mkavu uwekwe kando.

Ya tatu ni ya risasi, metali inayotumika katika fremu na lehemu za madirisha ya rangi ya jadi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Metali hiyo huathiri ubongo unaokua, na dalili zake huchelewa kuonekana. Mtoto asiguse kazi ya kulehemu kwa risasi, na asile wala kunywa chochote katika karakana inayoitumia.

Ajali ikitokea, mkato mdogo uoshwe kwa maji safi yanayotiririka na kufunikwa. Jeraha linalotoka damu nyingi libanwe kwa kitambaa safi. Kipande kilichozama ndani ya nyama au jichoni kisivutwe. Jeraha lizungushiwe kitambaa bila kukigusa kipande, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.

Burudani isigeuke ajira

Kioo kina historia ambayo mzazi anapaswa kuijua kabla ya kumkabidhi mtoto wake kwa fundi yeyote. Kwa muda mrefu, viwanda vya kioo vilisimama juu ya migongo ya watoto.

Nchini Marekani, mvulana aitwaye Michael Owens, aliyezaliwa mwaka 1859, aliingia kiwandani akiwa na miaka 10, akichochea makaa ya tanuri katika mji wa Wheeling. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha wavulana kama yeye wakitoka zamu ya usiku, nyuso zao zikiwa zimechoka kama za wazee. Picha hizo ziliongeza shinikizo la kubadili sheria. Owens naye, akiwa mtu mzima, alibuni mashine ya kutengeneza chupa na kupata hataza yake mwaka 1904. Mashine hiyo ilifanya kazi ya wavulana wengi kutohitajika tena. Nchini India, mji wa Firozabad, unaosifika kwa bangili za kioo, umepambana kwa miongo mingi na tatizo hilohilo la watoto kufanya kazi kando ya moto.

Tofauti kati ya burudani na ajira haiko katika kioo. Iko katika maswali haya: nani huamua saa ya kuacha? Kitu kilichotengenezwa ni cha nani? Na mtoto akisema amechoka, kitatokea nini? Mtoto anayetunga shanga Jumamosi alasiri na kumpa bibi yake mkufu anacheza. Mtoto yuleyule akiwekewa idadi ya mikufu ya kumaliza kabla ya kulala, kwa kuwa ina mnunuzi, ameshaajiriwa, hata kama mwajiri ni mjomba wake na hakuna aliyetamka neno kazi.

Sheria iko wazi. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inawaruhusu wenye miaka 13 hadi 15 kufanya kazi nyepesi tu, kama sehemu ya mafunzo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Rwanda imeuridhia, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Kucheza si fadhila anayopewa mtoto baada ya kumaliza kazi. Ni haki yake.

Mzazi aulize nini

Mtaala unaozingatia umahiri, ulioanza kutumika katika shule za Rwanda mwaka 2016, unathamini mtoto anayefanya kwa mikono pamoja na anayekariri. Hata hivyo, ufundi wa kioo hauhitaji kusubiri shule. Likizo ndefu ya Julai na Agosti inatosha kwa ushanga, mtungi mmoja wa rangi na mozaiki ndogo ya kuning'inia ukutani.

Mzazi anayempata fundi au msanii aliye tayari kufundisha aende mwenyewe siku ya kwanza, aketi na atazame. Aangalie iwapo kuna miwani ya kinga inayomtosha mtoto, si ya mtu mzima inayoteleza puani. Aangalie mahali vipande vinapotupwa: ndoo ngumu yenye kifuniko ni dalili njema, mfuko laini ni dalili mbaya. Aulize kama risasi inatumika katika chumba hicho. Aulize mtoto ataanza na nini. Fundi anayejibu kwamba ataanza na ushanga na kusugua makali, na kwamba kukata kutasubiri, anaijua kazi yake. Anayeahidi kwamba mtoto atapuliza kioo siku hiyohiyo amshukuriwe kwa ukarimu wake, na mtoto arudishwe nyumbani.

Kuhusu vile vipande vya chupa ya kijani vilivyoletwa mfukoni, visitupwe mbele ya mtoto kwa hasira. Mkubwa avichukue kwa glovu, avioshe, avisugue makali yote chini ya maji, kisha amrudishie kimoja, kile chenye rangi nzuri zaidi, akishike juani. Vingine viwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko, na mtoto aelezwe ni lini na kwa sharti gani mkebe huo utafunguliwa.